Mtoto wa Swali la Nne

Kama gazeti hili umelikuta tu limefungia maandazi, nikupe kwa ufupi ulichokikosa. Naitwa Antipasi Simeoni, mwanafunzi wa udaktari mwaka wa tatu, na tangu nianze kuungama kwako hapa hakuna wiki niliyotoka salama. Siku ya kwanza ya maabara nilizimia mbele ya maiti. Kisha nikafeli somo la magonjwa ya watoto. Kisha mabweni ya chuo yakakutwa na nyufa, tukatawanywa kila mtu kwao. Na wiki iliyopita nilikuachia pale Fredrick, kiongozi wetu wa darasa, aliponitoa kwenye kundi la WhatsApp kwa kosa la kusema mbele za watu kwamba Kiingereza cha matangazo yake kinahitaji kulazwa.

Shika jambo moja tu. Ule mtihani wa Watoto wenzangu walikuwa wanaufanya mara ya kwanza; mimi nilikuwa naurudia. Nikifeli mara ya pili, nadisko. Usiyelijua neno hilo mshukuru Mungu wako. Maana yake ni kwamba chuo kinakufuta, unafunga begi, na miaka mitatu imekwenda na maji.

Sasa tuendelee.

Tangazo la chuo lilitukuta majumbani. Mtihani utafanyika kwa mtandao, na utakuwa wa vitabu wazi. "Hatutaki kupima kukariri," liliandikwa, "tunataka kupima kufikiri."

Darasa zima lilishangilia. Swali linaulizwa na jibu liko mezani! Siku hiyohiyo watu wakaacha kusoma. Unasoma ya nini, na vitabu utakuwa navyo?

Mimi nilikuwa na vitabu vinane. Vinne sikuwahi kuvifungua, na viwili bado vilikuwa na harufu ya duka.

Masharti yalikuwa matatu. Uwe peke yako chumbani. Kamera iwe wazi kwa saa zote tatu, na kuna programu itakayoandika kila mara utakapogeuza uso. Na usisaidiwe na mtu. Kitabu ruksa, binadamu marufuku. Sisi ambao mtandao wetu ni wa kuvizia tuliruhusiwa kuzima sauti, mradi sura ionekane.

Nikaenda kijijini Mtinko kwa Shangazi Damari, dada mkubwa wa baba yangu. Nyumba yake iko jirani na mnara wa simu, kwa hiyo mtandao unamfikia kabla ya kuwafikia wenye simu za maana. Shangazi ni muuguzi mstaafu. Alikaa wodi ya watoto miaka thelathini na minne, na hadi leo akikutana na mama mwenye kichanga sokoni, humfunua mtoto kwanza ndipo asalimie.

Nilimweleza masharti.

"Shangazi, natakiwa niwe peke yangu."

"Utakuwa peke yako. Mimi sijaona mwanafunzi mwingine humu."

"Asiwepo mtu yeyote, Shangazi."

"Mtu gani? Mimi ni wa hapa hapa." Akavuta kiti, akaketi ng'ambo ya meza na ungo wake wa choroko, kule kamera isikofika. "Wewe fanya mambo yako. Mimi nachambua."

Ungekuwa wewe ungemtoa? Katika nyumba yake, kwenye meza yake? Basi usinicheke.

Alichonificha ni kwamba Jumapili alisimama kanisani akaomba waumini wote wanikumbuke, mtoto wa Simeoni ana mtihani mzito Jumatano saa tatu asubuhi. Na kwetu huku mtu akiwa na jambo zito haachwi peke yake. Watu huja kukaa naye. Akiwa mgonjwa wanakuja, akifiwa wanakuja. Sasa hili la mtihani kufanyiwa nyumbani lilikuwa halijawahi kutokea, wakaona watumie utaratibu uleule.

Saa tatu kamili mtihani ukafunguka. Maswali sita. Swali la kwanza nikalikuta katika kitabu cha tatu baada ya dakika ishirini za kupekua. Hapo ndipo nilipoanza kutokwa jasho. Kitabu unachokifungua kwa mara ya kwanza siku ya mtihani hakikusaidii kitu. Hujui hata faharasa yake imekaa mbele au nyuma.

Saa tatu na nusu mlango ulio kushoto kwangu ukafunguliwa.

"Hodi humu!"

Alikuwa Mama Mchungaji. Sasa niambie wewe uliyelelewa. Mama mzima amesimama mlangoni, wewe unakodolea kompyuta, utamwamkia kwa kisogo? Nikageuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pole na kazi. Endelea tu, sisi hatusemi kitu."

*Sisi.* Nyuma yake walikuwa wengine wawili. Shikamoo. Marahaba. Shikamoo. Marahaba. Wakaketi sebuleni, mlango wakauacha wazi ili wanione vizuri, wakanitazama kwa huruma.

Nikageukia skrini. Pembeni kule juu kitaa chekundu kilikuwa kinawaka na kuzima. Programu ilikuwa inaandika.

Hadi saa nne na nusu walikuwa wamefika wazee kumi. Wa kumi na moja alikuwa Babu Mughwai, ana miaka themanini na mitatu, na salamu yake haina njia ya mkato. Alinishika mkono, akauliza habari za chuo, habari za baba, habari za mvua za huko nitokako. Alipoona nimejibu vyema, akanikabidhi jogoo.

"Wa kukupa nguvu, mjukuu wangu."

Utamkataa jogoo wa Babu Mughwai? Nikampokea kwa mikono miwili, nikampitisha mbele ya kamera, nikamweka chini ya meza. Kila alipopiga mabawa karatasi zangu zikaruka.

Ndipo nilipofika swali la nne.

Kwa Kiswahili chetu lilisema hivi: mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne ameletwa akiwa anaharisha kwa siku nne. Macho yameingia ndani. Eleza utakavyomtibu katika saa za kwanza.

Nilifurahi! Kuharisha nilikuwa nakujua angalau kwa jina. Nikafungua kitabu, sura ya kuharisha, jedwali hili hapa, mtoto aliyepungukiwa maji sana. Dripu ya kasi, kipimo chake, muda wake. Nikaanza kunakili neno kwa neno huku nikiyanong'ona.

"Unamtundikia nani dripu?" Shangazi aliuliza bila kuinua macho kwenye choroko.

"Mtoto wa swali, Shangazi. Anaharisha, macho yameingia ndani."

"Mikono yake ni ya moto au ya baridi?"

Nikatazama. "Ina joto. Na mapigo ya moyo yako sawa."

"Miguu?"

"Sijafika kwenye miguu."

"Fika."

Nikashuka na swali hadi mistari ya mwisho, ambayo ukweli wa Mungu sikuwa na mpango wa kuisoma. Miguu yote miwili imevimba, ukibonyeza panabaki kishimo. Nywele zimekuwa nyepesi na nyekundu-nyekundu.

Shangazi aliweka ungo mezani.

"Toa hiyo dripu."

"Lakini Shangazi, kitabu kinasema..."

"Kitabu umekifungua kwenye kuharisha. Huyo kaletwa na njaa. Mtoto wa utapiamlo macho yanaingia ndani hata kama maji anayo. Ukimmiminia kwa kasi, moyo wake hauyawezi. Atakufa kabla ya jioni, na wewe utaandika kwenye faili kwamba kafa kwa kuharisha."

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Akasema polepole kwamba kabla hawajaelekezwa vizuri, mwaka mmoja wa ukame, waliwapoteza watoto watatu hivyo hivyo, kwa dripu walizozitundika wenyewe kwa nia njema. Wa tatu alikuwa wa kike, na jina lake Shangazi hajalisahau.

Nikauliza, "Kwa hiyo nimpe nini?"

Hapo ndipo penyewe, msomaji. Usinitafutie kisingizio, nilikuwa na sekunde nzima ya kunyamaza na sikunyamaza. Niliuliza, naye akanijibu: apimwe sukari apewe, afunikwe apate joto, apewe yale maji maalumu ya watoto wenye utapiamlo, kidogo kidogo kwa mdomo au kwa mpira wa puani, na ahesabiwe pumzi kila nusu saa. Dripu ni mpaka mikono ipoe na azimie kwa mshtuko, na hata hapo kwa uangalifu mkubwa.

Niliandika yote. Shingo yangu haikugeuka hata kidogo, kwa sababu Shangazi alikuwa mbele yangu, nyuma ya kompyuta. Kitaa chekundu hakikuwaka.

Wiki mbili baadaye ikaja barua ya chuo.

"Mtahiniwa Antipasi Simeoni alionekana mara kumi na moja akigeuza uso na kuzungumza na mtu asiyeonekana. Katika tukio la kumi na moja alishikana mikono na mtu huyo na kupokea kifaa kisichofahamika, chenye uwezo wa kujitikisa chenyewe. Anatakiwa kujieleza mbele ya kamati kwa njia ya video, akiwa na shahidi. Akishindwa, ataondolewa chuoni."

Niliisoma mara tatu. Kisha nikacheka hadi Shangazi akatoka jikoni.

Unaona utamu wake? Walikuwa wamenikamata kwa shikamoo. Kwa heshima niliyofundishwa nikiwa na miaka miwili! Wizi wenyewe, ule wa swali la nne, ulikuwa umepita mbele ya macho yao mchana kweupe na haukuandikwa hata mstari.

"Kwa hiyo utawaambia nini?" Shangazi aliuliza.

"Ukweli, Shangazi. Kwamba nilikuwa nasalimia."

Alinitazama kidogo, akarudi jikoni. Nami nikaona hiyo ni baraka.

Siku ya kamati nilivaa shati la Krismasi. Kwenye skrini walikuwa watatu. Mwenyekiti, Profesa Bonifasi, mwenye miwani ya kushukia puani. Katibu, aliyekuwa akiandika tu. Na Dk. Asnath, mtunzi wa mtihani wetu, mwanamke ambaye chuoni tukimsikia kwa viatu tunabadilisha njia. Sauti safari hii ilikuwa wazi, kwa amri.

Shahidi wangu alikuwa Babu Mughwai. Alikuja na fimbo na koti la sufu. Nilipomsogezea kompyuta, profesa akaingia moja kwa moja kwenye mambo.

"Mzee, unamfahamu mtahiniwa?"

Babu akamtazama, akasubiri. Akaendelea kusubiri. Katibu akaacha kuandika.

"Aa... shikamoo, mzee," profesa akasema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo? Haya. Umeniamkia huku unanitazama usoni, na umefanya vizuri. Sasa huyu mjukuu wangu angeniamkia akitazama wapi?"

Profesa alivua miwani.

"Na hicho ulichomkabidhi, mzee?"

"Jogoo."

"Jogoo?"

"Wa kumpa nguvu. Tulimla Alhamisi. Mifupa ipo kama mnaitaka."

Nakuambia niliona kwa macho yangu profesa mzima akijiziba uso kwa barua yangu ya mashtaka, mabega yanacheza. Katibu aliinama chini ya meza kutafuta kalamu aliyokuwa ameishika mkononi.

"Kamati imeridhika," profesa alisema alipopata pumzi. "Matukio yote kumi na moja ni salamu. Tunafuta shauri. Pole kwa usumbufu, kijana."

Nilihisi mwili mzima umekuwa mwepesi. Babu Mughwai akanipiga begani. Mlango wa kurudi chuoni ulikuwa umefunguka, kilichobaki ni kuaga na kuondoka na usalama wangu.

"Kabla hujaondoka," Dk. Asnath alisema.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuongea.

"Antipasi, nimesahihisha swali la nne. Mliofanya mtihani mlikuwa mia moja thelathini na nane. Unajua wangapi walimtundikia yule mtoto dripu ya kasi?"

"Sijui, Daktari."

"Mia moja thelathini na saba. Kwa maneno yaleyale, na kosa lilelile kwenye mstari wa sita. Inaonekana kuna mtu aliandika jibu kwenye kundi, wengine wakanakili tu." Alishusha pumzi. "Mtoto mmoja ameuawa mbele yangu mara mia moja thelathini na saba, Antipasi. Nimekaa mezani kwangu siku nne nikisoma namna anavyokufa. Vitabu walikuwa navyo! Hakuna aliyesoma hadi miguuni."

Moyoni nilimwona Fredrick na matangazo yake. Nikaona pia, na hili nakuambia kwa aibu, kwamba kama asingenitoa kwenye kundi ningekuwa wa mia moja thelathini na nane.

"Wewe ulijuaje?"

Maneno hayo mawili aliyatamka kwa upole, na macho yake yalikuwa mekundu. Dk. Asnath! Nilikuwa nimezoea kumwogopa, sasa nikagundua kwamba kumpenda ni kubaya zaidi.

Shangazi Damari alikuwa amesimama mlango wa jikoni na kitambaa cha kufutia vyombo. Nilimwona kwa pembe ya jicho.

Ningeweza kusema. Lakini moyoni nikasema, hebu Antipasi, fikiri. Shauri limefutwa dakika moja iliyopita. Ukilitaja jina la Shangazi, unajifungulia jingine mwenyewe, na hilo halina jogoo wa kulichekesha. Utadisko. Utarudi kwa baba kuvuna alizeti na kueleza maisha yako yote kwa nini hukumaliza.

"Nilisoma swali lote, Daktari," nikasema. "Nilipofika kwenye miguu, nikafikiri."

"Ulifikiri mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Dk. Asnath alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa anatabasamu, tabasamu ambalo chuo kizima hakuna aliyewahi kuliona.

"Profesa, yupo mmoja," alisema. "Mimi nilishaandika barua ya kuacha kufundisha. Iko hapa kwenye mkoba. Nilisema kama hakuna hata mmoja, basi kazi hii siiwezi. Yupo mmoja!"

Niliitamani ile maiti ya mwaka wa kwanza, nizimie tena.

Mambo mema yakaanza kunimwagikia kwa kasi, na kila moja likinikaba. Profesa alitangaza kwamba wenzangu wote wataufanya mtihani upya, kwenye chumba cha mtihani, vitabu vimefungwa, baada ya mabweni kutengenezwa. Mimi pekee matokeo yangu yatasimama. Nimefaulu. Jibu langu la swali la nne litabandikwa ubaoni kama mfano.

"Ila kwa kuwa wote mia na thelathini na saba wamefutiwa," profesa akasema, "hatutaki mtu aje kulalamika kwamba tumekupendelea. Andika tamko kwa mkono, sasa hivi, mbele yetu. Katibu atakusomea."

Katibu alisoma, nikaandika kwenye karatasi ya daftari. *Mimi, Antipasi Simeoni, natamka kwa dhati kwamba hakuna mtu yeyote aliyenisaidia kujibu swali lolote la mtihani huu.* Mwandiko wangu mwanzoni ulikuwa wa mwanafunzi wa udaktari. Kufika neno "lolote" ulikuwa wa mgonjwa.

Nikatia sahihi.

"Sasa shahidi," katibu akasema.

Babu Mughwai akanyoosha mkono achukue kalamu.

"Samahani mzee," katibu akamzuia, "wewe ulifika saa nne na nusu, ukaketi sebuleni. Anatakiwa mtu mzima aliyekuwemo nyumba hiyo kwa saa zote tatu. Yupo?"

"Hayupo," nikasema haraka.

"Yupo!" Babu Mughwai akasema kwa fahari. "Damari alikuwepo mwanzo mpaka mwisho. Damari! Njoo umtilie mtoto sahihi."

Shangazi alikuja akikausha mikono. Katibu akamwomba jina kamili na namba ya simu, naye akazitaja moja moja, kwa ile sauti ya kuripoti zamu asubuhi. Alipotaja kwamba ni muuguzi mstaafu wa wodi ya watoto, Dk. Asnath aliinua kichwa.

Shangazi akavaa miwani. Akasoma tamko polepole, kidole kikifuata mstari.

Nilikuwa sijakuambia jambo moja kuhusu yule mama. Miaka thelathini na minne aliandika mafaili ya wagonjwa, na mara moja daktari mkubwa alimtaka aandike kwamba dawa fulani ilitolewa saa sita wakati haikutolewa. Alikataa, akahamishiwa kijijini miaka mitano kwa ajili hiyo. Nyumbani kwetu hadithi hiyo husimuliwa kwa watoto wanaojifunza kusema uongo. Mimi nilisimuliwa mara nyingi kuliko wote.

Na ndiye huyuhuyu aliyenilea mama yangu alipokuwa mgonjwa. Nilijua hapendi kitu duniani kuliko kuniona nimevaa koti jeupe. Nikamwomba kwa macho. Nikamwomba kwa uso mzima. Shangazi, mstari mmoja tu.

Alichukua kalamu. Akaishusha hadi kwenye karatasi, ncha ikagusa.

"Hapa natia sahihi kama nani?" akaniuliza.

"Kama shahidi, Shangazi."

"Shahidi wa nini?"

Kwenye skrini Dk. Asnath alikuwa ameisogelea kamera yake mpaka uso ukajaa. "Mama," alisema, "kuna kitu unataka kusema? Sema, nakusikia."

Shangazi alivua miwani. Akafungua kinywa.

Nikabonyeza kitufe chekundu.

Skrini ikawa nyeusi. Kichwa kilikuwa kinafanya kazi kuliko siku zote za chuo. Mtandao! Nitasema mtandao umekatika. Huku kwetu unakatika kila siku, hakuna profesa atakayebisha. Nitapiga tena baada ya nusu saa, Shangazi akiwa ameshatulizwa, tamko likiwa na sahihi.

"Mtandao umekata," nikawaambia.

Babu Mughwai akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Hawa watu wa mtandao!"

Shangazi alikuwa bado ameishika kalamu, ananitazama kama alivyokuwa akiwatazama wale madaktari wapya wodini, akisubiri wafike wenyewe kwenye miguu.

"Shangazi," nikaanza, "nisikilize. Ni sahihi tu. Huyo mwalimu alitaka kuacha kazi, umemsikia mwenyewe. Ukisema, unamuumiza na yeye."

Simu yake ndogo ya vitufe ikaita mfukoni mwa kitenge.

Tuliitazama wote watatu. Ndipo nikakumbuka kwamba dakika tano zilizopita alikuwa ameitaja namba yake, tarakimu moja moja, mbele ya katibu. Niliruka kuidaka. Shangazi ana miaka sitini na saba, lakini aliwahi.

"Haloo. Ndiyo, ni mimi, Damari." Akasikiliza. Mkono wake wa pili ulinizuia kifuani, kwa nguvu ya mtu aliyewashika watoto wengi wakichomwa sindano. "Hapana, Daktari. Mtandao upo. Amekata yeye."